Theluthi ya Mshahara kwa Miezi Sita

Mfanyakazi wa Tanzania Bara anayekwenda kwenye mfuko wake wa hifadhi ya jamii, NSSF au PSSSF, kudai fedha baada ya kazi kuisha huulizwa kwanza kazi hiyo iliishaje. Miaka aliyochangia huja baadaye. Aliyeachishwa ana njia. Aliyeacha mwenyewe hana, hata kama amechangia miaka kumi na mbili bila kukosa mwezi. Utaratibu huu uliletwa na sheria ya 2018, na wapo wafanyakazi wanaoendelea kuugundua wakiwa tayari wamesaini barua ya kuacha kazi, wakati hakuna tena kinachoweza kurekebishwa.

Malalamiko ya miaka yote hii yamekuwa juu ya kiwango cha fao hilo la kukosa ajira: theluthi ya mshahara, kwa miezi sita. Kiwango hicho ni kidogo na nitakirudia. Lakini ukifuatilia nani hasa analipwa na nani anarudishwa nyumbani, unakuta tatizo kubwa liko kwenye masharti ya kuingia. Masharti hayo yaliandikwa kwa kumfikiria mwajiriwa wa kudumu, mwenye mwajiri mwaminifu, anayepewa barua iliyonyooka siku anapoondoka. Wafanyakazi wa namna hiyo wapo, ila si wao wanaopoteza kazi mara nyingi.

Kuelewa hasira iliyopo inabidi kurudi 1964, ulipoundwa mfuko wa akiba wa wafanyakazi uliojulikana kama NPF. Mfuko ule ulikuwa wa akiba kwelikweli. Fedha ya mfanyakazi na ya mwajiri iliwekwa kwa jina la mfanyakazi, na akiondoka aliondoka nayo. Sheria ya 1997 iliugeuza kuwa NSSF, yaani mfuko wa pensheni, ambamo wanachama wanachangiana hatari: anayeishi muda mrefu analipwa muda mrefu, anayefariki mapema anaacha mafao kwa wategemezi. Misingi ilibadilika, ila mazoea hayakubadilika. Kwa miaka mingi mtu aliendelea kuchukua michango yake yote kwa kile kilichoitwa fao la kujitoa. Mchimbaji aliyemaliza mkataba Kanda ya Ziwa, fundi aliyemaliza mradi wa barabara, mhudumu wa hoteli ya Arusha aliyepunguzwa, wote walijua kwamba kwenye mfuko kuna kiwanja, kuna pikipiki ya bodaboda, kuna mtaji wa duka. Fedha hiyo haikuwa pensheni machoni pao. Ilikuwa sehemu ya mshahara iliyocheleweshwa.

Mwaka 2012 Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria za hifadhi ya jamii yaliyolenga kuliondoa fao hilo. Wafanyakazi walichachamaa, wa migodini wakiwa mstari wa mbele, na serikali ikalazimika kulegeza msimamo. Hoja ya serikali haikuwa ya uongo. Mtu anayejitoa kila baada ya miaka mitatu au minne anafika miaka 60 akiwa hana miezi 180 ya michango inayotakiwa ili alipwe pensheni ya kila mwezi, na uzee wake unakuwa mzigo wa watoto ambao nao hawana kazi. Lakini hoja ya wafanyakazi nayo ilikuwa ya kweli: huwezi kumwambia mtu wa miaka 34 asiye na kipato asubiri mpaka afikishe 55, umri wa kustaafu kwa hiari, huku fedha yake ipo na kodi ya nyumba inadaiwa.

Sheria ya 2018 ilijaribu kusimama katikati. Sheria hiyo, Namba 2 ya mwaka ule, iliunganisha PSPF, PPF, LAPF na GEPF kuwa PSSSF kwa ajili ya utumishi wa umma, mfuko ulioanza kazi tarehe 1 Agosti 2018, na kuiachia NSSF sekta binafsi na waliojiajiri. Ndani yake likaingizwa fao jipya la kukosa ajira. Kujitoa kukaisha. Badala yake mwanachama aliyechangia angalau miezi 18, ambaye ni raia, hajafikisha miaka 55, hakuacha kazi kwa hiari yake na hajapata kazi nyingine, analipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kila mwezi kwa miezi sita. Aliyechangia chini ya miezi 18 analipwa kwa mkupuo nusu ya michango yake. (Zanzibar ina mfuko wake, ZSSF, na sheria yake, kwa hiyo mfanyakazi wa Unguja au Pemba asiyachukue haya kuwa yake.)

Bahati mbaya, fao hili lilizaliwa mwaka wa mzozo wa kikotoo, yaani hesabu ya mafao ya kustaafu. Kanuni za mwaka huohuo zilishusha mkupuo wa kustaafu hadi asilimia 25 na kuzua ghadhabu nchi nzima, mpaka tarehe 28 Desemba 2018 Rais Magufuli alipozisimamisha. Tangu hapo kikotoo kimefanyiwa kazi tena na tena. Julai 2022 mkupuo uliwekwa asilimia 33, na bajeti ya 2024 ikaupandisha hadi asilimia 40 kwa waliokuwa wakipata nusu na 35 kwa waliokuwa wakipata robo. Wastaafu walipiga kelele pamoja na wakasikika. Waliopoteza kazi hawana chama, hawana ofisi wanakokutana, na wengi wana haya hata ya kusema kwamba hawana kazi. Ndiyo maana fao lao limebaki pembeni mwa mjadala.

Sasa tuzame kwenye hesabu. Chukua mfanyakazi wa mshahara wa shilingi 600,000. Kila mwezi NSSF inapokea asilimia 20 ya mshahara huo, sehemu yake na ya mwajiri, yaani 120,000. Akichangia miaka mitano, kwenye taarifa yake ya michango kuna 7,200,000. Akiachishwa kazi analipwa karibu 200,000 kwa mwezi, jumla 1,200,000 kwa miezi sita. Nyingine inabaki mfukoni ikisubiri ajira mpya au uzee. Mwenzake mwenye mshahara uleule aliyechangia miaka kumi ana 14,400,000, naye atalipwa 1,200,000. Aliyechangia miezi 18 tu ana 2,160,000, naye atalipwa 1,200,000. Uaminifu wa muda mrefu hauongezi hata siku moja ya malipo.

Sijaona jambo hili likizungumzwa vya kutosha, na kwangu ndilo kosa kubwa katika muundo wa fao lenyewe. Kinga ya kukosa ajira inapaswa kumjali zaidi aliyefanya kazi muda mrefu mahali pamoja, kwa sababu huyo ndiye anayechukua muda mrefu kupata nyingine. Ujuzi wake umeshikamana na mashine za kiwanda kimoja, watu anaofahamiana nao ni wa kiwanda hichohicho, na umri umesogea. Kijana wa miezi 18 kazini anarudi mtaani akiwa bado na nguvu za kuanza upya. Wote wawili wanapewa miezi sita.

Kiwango kimoja kwa wote nacho kinauma upande wa chini. Mwenye mshahara wa milioni tatu anapewa milioni moja, na kwa milioni moja mtu anaweza kubana matumizi akalipa kodi ya nyumba na ada. Mwenye mshahara wa 180,000 anapewa 60,000. Fedha hiyo haitoshi chakula cha familia ya watu wanne kwa mwezi, achilia mbali nauli ya kuzunguka kutafuta kazi.

Afrika Kusini, inayoendesha mfuko wa bima ya kukosa ajira chini ya sheria ya 2001, iliyatazama haya mawili kwa namna nyingine. Kule mfanyakazi anachangia asilimia moja ya mshahara na mwajiri asilimia moja, kwenye mfuko uliotengwa kabisa na pensheni. Kila siku nne za kazi zinampa mwanachama siku moja ya malipo, mpaka kufikia siku 365 kwa aliyefanya kazi miaka minne. Kiwango cha malipo nacho kinapanda kadiri mshahara unavyoshuka, kutoka asilimia 38 kwa wenye kipato kikubwa hadi 60 kwa wa chini kabisa. Mfuko huo una matatizo yake mengi ya foleni na ucheleweshaji, na ukosefu wa ajira kule ni mkubwa mno kuweza kubebwa na bima peke yake. Bado hesabu yake inatofautisha mgeni na mkongwe, tajiri na maskini. Yetu haitofautishi.

Kwa upande mwingine, Tanzania imewatangulia jirani zake. Mfanyakazi wa Kenya anayepunguzwa kazini anategemea malipo ya mwajiri, yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka aliofanya kazi chini ya Sheria ya Ajira ya 2007, na NSSF ya Kenya, hata baada ya sheria yake mpya ya 2013 kuanza kutumika mwaka 2023, haina fao la kila mwezi la kukosa ajira. Mwajiri akifilisika, mfanyakazi amefilisika naye. Hapa kwetu angalau kuna mfuko wa umma uliosema kwamba kupoteza kazi ni janga ambalo jamii inalibeba pamoja. Hilo si dogo, na wanaodai kujitoa kurudishwe kama zamani wanapaswa kulipima kabla ya kulitupa.

Turudi kwenye masharti. Neno linalowaondoa wengi ni lile la kuacha kazi kwa hiari. Kwenye karatasi linaeleweka: mfuko usimlipe mtu aliyechoka na kazi yake akaamua kupumzika. Kazini mambo hayaendi hivyo. Mwajiri anayetaka kupunguza watu bila kulipa stahiki zao hamwandikii mtu barua ya kumwachisha. Anamnyima zamu, anamhamishia mkoa mwingine bila posho, anamcheleweshea mshahara miezi mitatu, kisha ofisa utumishi anamwita na kumshauri kwa upole aandike mwenyewe ili waachane vizuri. Anaandika. Kwa mkono wake ameshafuta fao lake.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inalitambua jambo hili. Kifungu cha 36 kinasema kuachishwa kazi ni pamoja na mfanyakazi kuacha kwa sababu mwajiri ameyafanya mazingira ya kazi yasivumilike. Ni pamoja pia na mwajiri kukataa kuhuisha mkataba wa muda maalumu pale ambapo mfanyakazi alikuwa na sababu ya kutarajia kwamba utahuishwa. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa ameachishwa kazi kwa sheria ya ajira, huku dirishani kwenye mfuko akionekana ameacha mwenyewe. Sheria mbili za nchi moja, zilizo chini ya wizara ileile inayoshughulikia kazi, hazikutakiwa kupishana hivi juu ya jambo linaloamua kama familia itakula. Rekebisho lake si gumu: sheria za mifuko zichukue tafsiri ya kuachishwa kazi iliyo kwenye sheria ya ajira, na uamuzi wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, utoshe kuwa ushahidi.

Lakini mpaka rekebisho hilo lifike, mfanyakazi anatakiwa kujilinda mwenyewe, na ulinzi wake unaanza kabla hajatoka kazini. Usiandike barua ya kuacha kazi kwa ushauri wa mtu ambaye barua hiyo inamnufaisha. Mwajiri anayekupunguza ana wajibu wa kukupa notisi au malipo yake, ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku zisizopungua 28, na kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka kumi, ilimradi umefanya kazi mfululizo angalau mwaka mmoja na hukuachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu. Ana wajibu pia wa kukupa cheti cha utumishi. Ukiona umeonewa, kumbuka siku 30. Huo ndio muda wa kufungua shauri la kuachishwa kazi isivyo halali mbele ya CMA. Kwa migogoro mingine, kama malimbikizo ya mishahara, ni siku 60. Mwezi mmoja unapita haraka kwa mtu aliyechanganyikiwa, anayeahidiwa kila Ijumaa kwamba bosi akirudi safari atalimaliza. Fungua shauri huku mkiendelea kuzungumza. Kufungua hakuzuii kupatana, na usuluhishi ndiyo hatua ya kwanza ya Tume yenyewe.

Kwenye mfuko, madai yanasimama juu ya karatasi chache: fomu ya madai, barua ya mwajiri inayoeleza kwamba ajira imesitishwa na kwa sababu gani, kitambulisho cha NIDA, taarifa za uanachama na akaunti ya benki iliyo kwa jina lako. Barua ya mwajiri ndiyo nguzo. Isome kabla ya kuondoka nayo. Barua inayosema tu kwamba mfanyakazi huyu hayupo nasi tena haikusaidii. Inatakiwa iseme nani amesitisha, tarehe gani, kwa sababu gani. Majina nayo yameshachelewesha malipo ya wengi. Uliandikishwa kazini kama Mwanaidi Saidi, NIDA inasema Mwanahidi Said Juma, benki ina la tatu, na unarudishwa kutafuta kiapo na barua za kuthibitisha wakati mwezi wa pili bila kipato unaanza. Jambo hili linarekebishika kwa utulivu ukiwa bado kazini.

Linalonisikitisha zaidi ya yote ni michango isiyopelekwa. Sheria inamtaka mwajiri apeleke michango kila mwezi, na kutopeleka ni kosa linaloambatana na adhabu ya fedha. Hata hivyo wapo wanaokata kwenye mishahara na kukaa nayo. Mfanyakazi anaona makato kwenye hati ya mshahara, anaamini yamefika, na siku ya kuachishwa anakuta taarifa yake ina miezi 11 kati ya 30 aliyofanya kazi. Hapo haanguki tu kutoka kwenye kundi la miezi 18 kwenda kwenye nusu ya michango. Nusu yenyewe inahesabiwa juu ya miezi 11. Kosa ni la mwajiri, na kazi ya kumsimamia mwajiri ni ya mfuko, ila anayelala njaa ni mtu wa tatu ambaye hakukosea chochote. Naamini ingetosha sheria iseme hivi: mfanyakazi mwenye hati za mshahara zinazoonyesha makato alipwe kana kwamba michango imefika, kisha mfuko, wenye mawakili na wakaguzi, ukamdai mwajiri. Mfuko una uwezo wa kusubiri kesi miaka miwili. Mama aliyepunguzwa kiwandani hana.

Kwa sasa dawa iliyopo ni kuangalia. Mifuko yote miwili imeweka huduma za mtandaoni ambako mwanachama anaona michango yake mwezi kwa mwezi. Kuitazama kila baada ya miezi michache, kupiga picha ya ukurasa, kutunza hati za mshahara, na kuuliza mapema pale mwezi unaporukwa, ni kazi ya dakika chache. Vyama vya wafanyakazi vingefanya jambo la maana vikiifanya iwe ajenda ya kila mkutano wa tawi, kwa sababu mfanyakazi mmoja akiuliza peke yake anaonekana mkorofi, na wakiuliza arobaini mwajiri analipa.

Kuna pia wale ambao fao hili haliwagusi kabisa, na ndio wengi wa nchi hii: mkulima, mama lishe, dereva wa bodaboda, kibarua wa siku wa bandarini. NSSF ina mpango wa waliojiajiri, na mtu anaweza kuchangia kwa ajili ya uzee. Lakini kukosa ajira kwa maana ya sheria kunadai kwanza uwe umeajiriwa. Kibarua anayeitwa siku tatu na kuachwa siku nne hana barua, hana mwajiri mmoja, na hakuna siku moja ambayo unaweza kusema ndiyo kazi yake ilikwisha. Sidhani kama fao la kukosa ajira ndiyo njia ya kumfikia huyu. Anahitaji kitu kingine, na kumwahidi kwamba atafikiwa na fao hili ni kumpotosha.

Hata kwa wanaolipwa, miezi sita inapita bila mtu kuwasaidia kupata kazi. Nchi zenye mipango iliyokomaa zinamsajili anayelipwa kuwa mtafuta kazi siku hiyohiyo, na malipo yake yanaendana na kuunganishwa na waajiri au kupelekwa mafunzoni. Tanzania ina TaESA, chombo cha umma cha kuwaunganisha watafuta kazi na waajiri, ila anayedai fao mfukoni hapelekwi huko kwa utaratibu wowote. Mfuko unamtaka athibitishe kwamba hana kazi, na ukishathibitishiwa unamwacha. Taarifa anazozijaza kwenye fomu ya madai, yaani kazi aliyokuwa akifanya, mkoa, umri na mshahara, ndizo hasa ambazo ofisi ya ajira ingezihitaji. Kuzipeleka kutoka ofisi moja ya serikali kwenda nyingine hakuhitaji sheria mpya wala shilingi ya ziada kutoka kwa mwanachama, na kunaweza kuanza kabla Bunge halijagusa kiwango wala masharti.